Uliza Bustani: Karisa fupi, zulia lenye miiba

Barua za safari hii zimetoka pande nyingi, lakini karibu zote zinazunguka jambo moja: kichaka kifupi kisichopukutisha majani, chenye maua, kitakachofunika ardhi ili kazi ya kufyeka nyasi ipungue. Ukurasa wote tumeupa karisa. Ni ndugu wa ule mti wa porini ambao Wakikuyu huuita mukawa na Wamaasai olamuriaki, ila karisa ya bustani asili yake ni pwani ya Natal huko Afrika Kusini na Msumbiji. Ndiyo maana upepo wa bahari, chumvi na jua la saa nane havimtishi. Majani yake ni mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ua ni jeupe, petali tano kama nyota, na harufu yake haiko mbali na ya asumini. Na ana miiba. Hilo tutalirudia kila mara.

Swali: *Habari za kazi, wahariri. Nilinunua miche 24 ya karisa kwenye kitalu cha kando ya barabara, nikahakikishiwa kuwa ni ile fupi ya kutambaa. Huu ni mwaka wa pili, imenifika kifuani na bado inapanda. Nimekosea wapi katika kuitunza?* Msomaji, Kigamboni.

Jibu: Kuitunza hukukosea, ndugu yetu. Kosa lilitendeka kitaluni kabla hujafika. Miche yako karibu kwa hakika imeoteshwa kwa mbegu. Karisa fupi ikizaa, mbegu zake hutoa watoto wa kila namna, na wengi hurudia kimo cha babu yao, ambaye akiachwa hupita mita 3 bila taabu. Aina fupi hudumu fupi pale tu inapozalishwa kwa tawi lake yenyewe.

Aina zinazofaa kufunika ardhi ni chache. Green Carpet hubaki kati ya sentimita 30 na 45 na kutanuka zaidi ya mita 1. Horizontalis hufika kama sentimita 60, matawi yake hulala na kuning'inia vizuri ukutani. Tuttlei ni nene zaidi, sentimita 60 hadi 90, nayo huzaa matunda mengi kuliko hizo mbili. Boxwood Beauty ni ya mviringo, haina miiba, lakini hiyo ni kichaka kidogo, si zulia.

Muuzaji akikwambia "hii ni fupi", usibishane naye, chuchumaa uangalie kiriba, yaani mfuko wa nailoni wa mche. Mche wa aina fupi, hata ukiwa na sentimita 15 tu, huanza kutupa matawi pembeni, na ncha zake hupita ukingo wa kiriba na kuinama. Mche wa mbegu husimama na shina moja la katikati kama askari wa zamu, huku majani yakiwa yameachana kwenye shina. Kisha omba uonyeshwe mama yake. Kitalu cha kweli kina mmea mama ulio chini ya goti, na hakitaona haya kukuonyesha.

Hiyo uliyo nayo usiing'oe. Mwanzoni mwa masika ikate hadi sentimita 25 kutoka ardhini, halafu kila wiki 6 hadi 8 ondoa machipukizi yanayosimama wima kwa kuyakata pale yanapotokea, si nusu yake. Utapata uzio hai mzuri wa kimo cha goti au paja. Zulia halitakuwa kamwe. Ukitaka zulia, panda aina fupi mbele yake.

Swali: *Nina mteremko wa mita 10 kwa 4 mbele ya nyumba. Mvua ikinyesha, udongo wote unaishia kwa jirani, na jirani ameshaanza kununa. Ninahitaji miche mingapi, na nipandeje?* Mwenye mteremko, Tanga.

Jibu: Kwa mteremko, panda kwa mtindo wa pembetatu, yaani mche wa mstari wa pili ukae katikati ya miche miwili ya mstari wa kwanza. Ukipanda mistari iliyonyooka juu hadi chini umeyachimbia maji njia.

Nafasi ya sentimita 75 ndiyo tunayoipendelea. Mstari hadi mstari inakuwa sentimita 65, hivyo upana wako wa mita 4 unachukua mistari 6, na kila mstari wa mita 10 unachukua miche 13. Hiyo ni miche 78. Nunua 85, maana wachache watakufa. Ukibana hadi sentimita 60 utahitaji karibu 130 na ardhi itafunikwa mapema zaidi, lakini baada ya miaka mitatu matawi yatapandana na zulia litaanza kuvimba. Ukitanua hadi sentimita 90 utatumia kama 55, ila jiandae kwa palizi ya miaka miwili au zaidi.

Shimo liwe sentimita 30 kwa 30, kina 30. Kabla ya kupanda, jaza maji mashimo mawili matatu na uangalie saa. Maji yakibaki zaidi ya saa 4, hapo pana udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Panda juu ya tuta la sentimita 20, kwa sababu karisa huvumilia kiu, huvumilia chumvi, lakini mizizi yake ikilowa siku nyingi huoza. Udongo uliotoka shimoni uchanganye na nusu karai ya mboji au samadi iliyooza kabisa. Samadi yenye joto bado huunguza mizizi, na mchwa huifuata.

Chana kiriba kwa wembe, usikivute. Mizizi iliyozunguka chini kama kamba ikate mipasuo miwili au mitatu kwa wembe huohuo, la sivyo itaendelea kuzunguka hata ardhini. Mche ukae kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kiribani. Kuzika shingo ya shina ni moja ya sababu kuu za miche kufa ikiwa na majani ya kijani juu.

Upande wa chini wa kila shimo jenga kijiukuta cha udongo cha nusu mwezi, kimo cha kiganja, kishike maji. Siku ya kupanda mwaga lita 5, kisha lita 3 kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili, halafu mara mbili kwa wiki hadi mvua zishike. Mwisho wa Machi ni wakati wake huko kwenu. Kiangazi cha kwanza mpe maji kila wiki. Baada ya hapo mara moja kwa wiki mbili, yawe mengi, yatosha.

Matandazo yawe unene wa sentimita 5 hadi 7, yasiguse shina. Tanga hamkosi makumbi ya nazi, na kwenye mteremko hakuna kitu bora kuliko hayo, kwa sababu hayasombwi kama majani makavu. Yalaze mgongo juu. Yakilazwa chali yanashika maji ya mvua na utakuwa unafuga mbu.

Swali: *Nimepanda karisa miezi 7 iliyopita. Zenyewe zinaendelea, lakini ndago zinatoka katikati ya miiba na nimeng'oa mpaka mikono imechanika. Fundi wa bustani anashauri tutandike nailoni nyeusi. Mnasemaje?* Msomaji, Morogoro.

Jibu: Pole. Karisa ya kutambaa hushinda au hushindwa katika mwaka wake wa kwanza, na anayeamua ni magugu, wala si jua wala maji. Mwaka wa pili kivuli chake kinakusaidia. Mwaka wa kwanza uko peke yako.

Kwanza umjue adui. Ndago si mmea mmoja mmoja; ni mnyororo. Chini kuna viazi vidogo vyeusi, kila kimoja kimeungwa na mwenzake kwa kamba nyembamba. Maadamu mnyororo ni mzima, kile cha mbele huchipua na vya nyuma hulala. Ukipita na jembe ukaukata, kila kiazi kilicholala kinaamka. Ndiyo maana mtu analima Jumamosi akijisifu shamba limekuwa jeupe, na baada ya siku 10 ndago ni nyingi kuliko zilizokuwapo. Viazi vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu, vichache hufika 30.

Nailoni hapana. Ncha ya ndago ni kama sindano, huitoboa nailoni nyembamba na kutoka juu. Zile ngumu za kufumwa zinazouzwa madukani haizitoboi kirahisi, lakini zina ubaya wao: matawi ya karisa yanayolala hayawezi kugusa udongo na kutoa mizizi, na baada ya mwaka vumbi na majani makavu hujikusanya juu ya kitambaa, magugu mapya yakaotea humo. Hapo kuyang'oa ni kazi mara mbili.

Kwako ambaye umeshapanda, fanya hivi. Ng'oa kila wiki bila kuruka, ndago ikiwa bado na majani matatu hadi matano. Hapo imetumia akiba ya kiazi na haijarudisha kitu. Ukiiacha ifike majani 8 na kutoa kichwa cha maua, imeshatengeneza viazi vingine. Usivute kwa vidole. Shindilia kisu chembamba chenye mpini mrefu kando ya shina, inua udongo, kisha vuta na kiazi chake. Glavu ziwe za ngozi zinazofika kiwikoni, kwa sababu mwiba wa karisa umegawanyika ncha mbili kama herufi Y, na ukikwepa ncha moja ya pili inakungoja.

Ukishasafisha, tandika maboksi ya karatasi yaliyofunguliwa, tabaka mbili, yapandane kwa sentimita 15, yakiwa yamelowanishwa. Toa gundi na plastiki zote. Acha duara la sentimita 15 kuzunguka shina. Juu yake weka matandazo. Maboksi hudumu miezi 4 hadi 6 kisha huoza yenyewe, na huo ndio muda unaouhitaji. Ndago huchukia kivuli kuliko inavyochukia jembe.

Dawa yenye glaifoseti huua ndago, lakini huua na karisa. Tone la upepo likigusa jani la kijani la karisa, tawi zima huweza kudumaa. Katikati ya miche iliyokwisha kupandwa, hatuishauri.

Wanaojiandaa kupanda wana nafasi nzuri zaidi. Mwagilia kiwanja kitupu ili ndago zitoke, zikifika urefu wa kiganja pulizia glaifoseti kwa kipimo cha kibandiko, subiri wiki 2 hadi 3 bila kuchimba, mwagilia tena, rudia. Kwa kawaida ni mizunguko mitatu, kwa sababu viazi vilivyolala havikuguswa na dawa ya kwanza. Asiyetaka dawa achimbue kwa uma wa bustani, si jembe, kina cha sentimita 30, na kuchekecha udongo kwenye chekeche ya waya. Kutandika nailoni angavu, inayopitisha mwanga, juani kwa wiki 6 huua mbegu za magugu vizuri, ila viazi vya ndago vya chini hupona, kwa hiyo usitegemee hilo peke yake.

Swali: *Shikamooni. Nyumba yetu ipo juu ya mawe ya matumbawe. Majani mapya ya karisa yamekuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nimeweka mbolea ya CAN mara mbili, hakuna nafuu. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo.* Binti wa Nyali, Mombasa.

Jibu: Marahaba, mwanetu. Umeeleza vizuri sana, na maelezo yako yenyewe ni jibu. Mmea unaokosa naitrojeni huanza kuwa manjano kwenye majani ya zamani, tena jani zima. Wako umeanza na majani mapya, na mishipa imebaki kijani. Huyo anakosa madini ya chuma. Chuma kimo ardhini tele, ila chokaa ya matumbawe imekifunga, mizizi haiwezi kukinyonya. CAN uliyoongeza nayo ina chokaa ndani yake, kwa hiyo umemwongezea mgonjwa ugonjwa.

Acha CAN. Tumia SA (mbolea ya salfeti ya amonia), ambayo hupunguza ukali wa chokaa polepole. Vizibo vinne vya soda, kama gramu 20, kwa kichaka kimoja kila wiki 8, vimwagwe kwa mduara chini ya ncha za matawi na si kwenye shina, kisha maji.

Kwa chuma chenyewe, duka la pembejeo likikuuliza unataka kipi, taja chuma cha aina ya EDDHA. Ile ya EDTA ni ya bei nafuu lakini kwenye udongo wa chokaa huvunjika kabla haijafika mzizini. Changanya gramu 5 kwenye lita 5 za maji kwa kichaka kimoja, umwage jioni, ukifunika na matandazo. Usipoipata, pulizia salfeti ya chuma kwenye majani, gramu 5 kwa lita 1, jioni jua likishatua. Hiyo hutibu majani yaliyopuliziwa tu; yatakayotoka baadaye yatataka tena. Na uwe mwangalifu na ukuta na vigae, doa lake ni la kutu na halitoki.

Chumvi ya kisima isikutie hofu sana, karisa anaiweza. Kinachotutia shaka ni wingi wa maji. Mawe ya matumbawe yana mashimo yanayoshika maji chini kama bakuli, na mzizi uliolowa ndani ya chokaa hushindwa zaidi kunyonya chuma. Chimba sentimita 20 kando ya kichaka, kamata udongo, ufinye. Ukidondosha maji, punguza kumwagilia kabla ya kununua dawa yoyote.

Swali: *Nimekata vipandikizi 40 vya karisa, nikavipanda kwenye viriba vyenye samadi nzuri. Vyote vimeoza chini. Tatizo ni nini?* Mkulima wa vitalu, Kisumu.

Jibu: Samadi nzuri ndiyo tatizo la kwanza. Kipandikizi hakina mdomo, hakihitaji chakula. Kinahitaji hewa na unyevu kidogo. La pili ni utomvu. Karisa hutoa maziwa meupe pale unapokata, yakikauka huziba jeraha, na chini ya ule utando uozo huanza. La tatu: hata ukifanya yote sawasawa, kipandikizi cha karisa kilichokatwa moja kwa moja ni kigumu kutoa mizizi.

Kuna njia ya wazee wa vitalu inayotaka subira, nayo hufanya kazi. Chagua tawi changa, sentimita 12 hadi 15 kutoka nchani, kutoka kwenye tawi linalolala, si linalosimama. Kwa kisu kikali kata nusu ya unene wake tu, chini kidogo ya kifundo cha majani, uliache likiwa bado limeshika kwa mama. Linaendelea kuishi kwa ile nusu iliyobaki, na pale penye jeraha panavimba na kutengeneza kigaga cheupe. Baada ya miezi 2 malizia kukata. Panda kwenye mchanga wa mto ulioshwa, kivulini, na baada ya kama siku 30 vuta taratibu: likikataa kutoka, mizizi ipo. Ndipo uhamishie kwenye kiriba chenye udongo na mboji.

Usiye na subira hiyo, laza tawi la chini ardhini. Kwaruza ganda upande wa chini kwa urefu wa sentimita 3, funika na udongo mwepesi, bana kwa waya uliopindwa kama pini ya nywele, weka jiwe juu. Ncha iachwe nje. Miezi 3 hadi 4 baadaye likate na kulihamisha. Mmea mama mmoja wa Horizontalis una matawi ya chini ya kutosha kukupa miche 10 kwa mkupuo.

Ukiamua kurudia vipandikizi vya kawaida, kata mwanzo wa mvua, sentimita 10, tawi likiwa halijakomaa kabisa wala si laini. Simamisha ncha zilizokatwa kwenye maji hadi maziwa yaache kutoka, kausha, chovya kwenye unga wa homoni ya mizizi, panda kwenye mchanga na unga wa makumbi nusu kwa nusu, na ufunike na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Tegemea vichache kupona.

Swali: *Karisa yetu inatoa maua mwaka mzima, lakini tunda hatujaliona. Na je, yakitoka, watoto wanaweza kula? Kuna jirani anasema ni sumu.* Mama wa watoto watatu, Unguja.

Jibu: Mama, tuanze na la jirani, maana hajakosea kabisa. Tunda lililoiva la karisa huliwa: likiwa jekundu la kukolea, limelainika kidogo ukilibonyeza, la umbo la yai dogo. Ni tamu lenye uchachu. Tunda bichi lenye maziwa tele watoto wasile, wala majani, wala wasitafune mbegu. Karisa ni wa ukoo mmoja na olianda, na katika ukoo huo si kila mtu wa kuaminika.

Tena kuna hatari ya kufananisha. Mti ambao Wamaasai huuita olmorijoi, ule wa sumu ya mishale, ni wa ukoo huohuo: majani mazito yanayong'aa, maua meupe yenye harufu, matunda ya zambarau iliyokolea. Ndugu zake hupandwa hata bustanini kama mapambo. Tofauti iliyo wazi ni kwamba hauna miiba. Kwa hiyo kwa watoto wekeni sheria moja nyumbani: kichaka kisicho na mwiba, tunda lake haliguswi. Boxwood Beauty itaonewa kwa sheria hiyo, lakini heri ionewe.

Kuhusu kutozaa, pasua ua kwa kucha toka mdomoni hadi chini ya neli yake uangalie ndani. Karisa nyingine hutoa maua ya kazi ya kiume, makubwa kidogo, yenye chavua nyingi na stameni (vijinyuzi vya kiume vya ua) zilizopita sana kimo cha kijiti cha katikati. Nyingine hutoa ya kazi ya kike: stameni fupi, sawa na kile kijiti, zisizo na chavua. Miche yako yote ikiwa imetoka kwa matawi ya mama mmoja, yote ni ya jinsia moja, hakuna wa kumwoa mwenzake. Panda mmoja au miwili kutoka kitalu kingine. Wadudu wanaoichavusha kwao ni mbawakawa wadogo na wadudu wa usiku, na nje ya kwao mara nyingi hawatoshi. Brashi ndogo ya rangi, ikipitishwa ua hadi ua, hufanya kazi yao.

Mkitaka kupika jemu, sufuria isiwe ya alumini. Utomvu hutoka kwenye tunda likichemka na kuganda pembeni mwa chombo. Ukipoa, sugua kwa mafuta ya kupikia, unatoka. Kwa sabuni utahangaika.

Swali: *Mke wangu hataki zulia la mimea karibu na nyumba, anasema ni kualika nyoka. Ni kweli?* Msomaji, Dodoma.

Jibu: Nyoka hafuati mmea, hufuata panya, mijusi na vyura, na hupenda mahali asipoonekana. Zulia zito lolote laweza kumficha, hivyo shemeji ana hoja. Acheni ukanda mtupu wa kokoto, sentimita 60, kati ya karisa na ukuta, na mwingine kando ya njia ya miguu. Kusanyeni matunda yaliyoanguka, maana ndiyo yanayowaita panya. Taa ya nje iangaze ukanda huo.

Swali: *Huku Njombe sakitu ya Juni na Julai inaunguza. Karisa itapona?* Mwalimu, Njombe.

Jibu: Iliyokomaa huvumilia baridi ya kama nyuzi 4 chini ya sifuri kwa saa chache. Changa hufa mapema zaidi, hata kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri. Ukitaka kujaribu, panda Novemba mvua zikianza, iwe na miezi 7 ya kujijenga, chini ya ukuta unaotazama jua la mchana, na usiku wa sakitu uifunike kwa gunia, ulifunue asubuhi. Kwetu sisi, tungekushauri rozimeri ya kutambaa badala yake. Ni ya kijani mwaka mzima, maua yake ni ya buluu, sakitu haiibabaishi, na jikoni inatumika. Panda kwa nafasi ya sentimita 60 kwenye kokoto na udongo mwepesi, bila samadi, kwa sababu nayo huoza ikilishwa na kunyweshwa kupita kiasi.

Swali: *Zulia langu lina miaka 6. Kingo ni kijani, katikati kumebaki vijiti vikavu. Pia watoto wa mtaa wamepoteza mipira mitatu humo.* Babu, Moshi.

Jibu: Shikamoo babu. Vijiti vya katikati, kwaruza ganda kwa kucha. Chini pakiwa kijani, ni uzee na kukosa mwanga. Kata eneo hilo hadi sentimita 15 mvua za Machi zikianza, usikate zaidi ya theluthi moja ya zulia lote kwa mwaka mmoja, weka vizibo 5 vya mbolea ya NPK 17:17:17 kwa kila kichaka na debe moja la mboji kwa mita mbili za mraba. Itachipua kwa wiki 4 hadi 6.

Pakiwa kahawia na pananuka uvundo, ni kuoza kwa mizizi, na mara nyingi mhusika ni kinyunyizio cha nyasi kinachorusha maji hapo kila siku. Kigeuze kwanza. Ng'oa iliyokufa pamoja na mizizi yake, tifua, weka mchanga na mboji, na upande upya juu ya tuta. Angalia pia upande wa chini wa majani ya kingo: vumbi la vitone vyekundu na utando mwembamba ni utitiri mwekundu, ambao huondoka kwa kupigwa maji ya bomba kwa nguvu chini ya majani, mara 2 kwa wiki kwa wiki 3. Vidugamba vya kahawia vilivyoganda kwenye vijiti vipulizie maji ya sabuni ya mche, vijiko 2 vya sabuni iliyokunwa kwa lita 1, jioni.

Mipira haitapona. Acha mita 1.5 kati ya zulia na uwanja wa watoto, na ukingo wa upande huo panda Boxwood Beauty. Mabaki ya kupogoa usiyaache chini hata siku moja, kwani mwiba mkavu ni mgumu kuliko mbichi, unapita ndala na tairi la baiskeli. Yakusanye kwa reki juu ya turubai na uyapeleke moja kwa moja shimoni.